Kupungua Mwili Si Kuharibika: Mazungumzo na Akina Mama Juu ya Matiti, Uzito na Mazoezi

(Haya ni maneno tuliyozungumza na vikundi vya kujisaidia katika mikutano yetu ya afya. Tumeyachapa hapa ili yasomwe kwa sauti kikundini. Anayejua kusoma na awasomee wenzake.)



Leo tunataka kuongea juu ya jambo ambalo huongelewa kisimani na kwa msusi, lakini mkutanoni halitajwi. Jambo lenyewe ni matiti, na jinsi yanavyobadilika mwanamke akipungua uzito au akianza mazoezi. Wenye kucheka na wacheke kidogo. Halafu tusikilizane, kwa maana jambo hili limewazuia akina mama wengi kufanya yale ambayo yangewapa afya.

Angalieni mambo haya manne, mtuambie kama hayapo kwenu.

Mama ana presha, au ana sukari. Daktari amemwambia apunguze uzito. Anaanza kutembea kila asubuhi, anapunguza mafuta ya kukaangia na sukari ya chai. Baada ya miezi mitatu nguo zinamlegea, na sidiria pia. Jirani anamtazama kifuani na kumwuliza, "Mbona umekwisha hivyo? Kuna nini?" Mama anaona aibu. Anaacha kutembea, anarudia mandazi, na presha nayo inarudi.

Msichana wa shule ana mbio nzuri, lakini anakataa kukimbia. Ameambiwa kwamba akikimbia matiti yataanguka kabla hajaolewa.

Mama mchanga anataka kumwachisha mtoto maziwa katika mwezi wa tatu, eti mtoto "anamaliza" matiti.

Na wa nne ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Ameona titi moja limebadilika. Anajiambia, "Ah, ni kwa sababu nimekonda." Anakaa mwaka mzima bila kwenda hospitali.

Haya yote manne yana dawa moja, nayo ni kujua. Tuanze basi.

TITI LIMEUMBWA NAMNA GANI

Ndani ya titi kuna vitu vikubwa viwili. Cha kwanza ni tezi za maziwa. Hizi zimekaa kama vichala, na mifereji yake midogo huja mpaka kwenye chuchu. Cha pili ni mafuta, yaliyojaa katikati ya tezi hizo na kuzizunguka. Mafuta haya ni sawa na yale ya tumboni na mapajani. Yanapanda na kushuka pamoja na uzito wa mwili.

Halafu kuna nyuzi nyembamba za kano zinazopita ndani ya titi na kulishikanisha na ngozi. Daktari mmoja Mwingereza aitwaye Astley Cooper aliziandika vizuri katika karne ya 19, na hata leo madaktari huziita kwa jina lake. Nyuzi hizo na ngozi ndizo zinazolipa titi umbo lake. Zikishavutika kwa miaka mingi, hazirudi kama zamani.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, maana ndilo litatusaidia mbele: ndani ya titi hakuna misuli ya kufanyiwa mazoezi. Misuli ipo chini yake, imelala juu ya mbavu. Ndiyo misuli ya kifua ambayo mwanamume pia anayo, na ndiyo tunayotumia tukisukuma mkokoteni au tukifua nguo.

Tena wanawake hawafanani. Mmoja ana mafuta mengi katika matiti, mwingine ana tezi nyingi na mafuta machache. Msichana kwa kawaida ana tezi nyingi. Mama akizidi kuwa mtu mzima, na hasa hedhi ikishakoma, tezi hupungua na mafuta huchukua nafasi yake. Kwa hiyo mama wa miaka 55 na binti yake wa miaka 20 wakipungua kilo tano kila mmoja, matiti yao hayatabadilika sawasawa. Hakuna aliyekosea hapo.

UKIPUNGUA UZITO

Mwili ukipunguza mafuta, hauulizi, "Nitoe wapi?" Unatoa kila mahali: usoni, mikononi, tumboni, mapajani, na matitini pia. Huwezi kuuambia utoe tumboni tu na kuacha kifua. Hakuna zoezi linaloweza kufanya hivyo, wala chakula.

Kwa hiyo mwanamke mwenye mafuta mengi katika matiti ataona yamepungua waziwazi. Mwenye tezi nyingi ataona tofauti ndogo tu. Wote wawili ni wazima.

Na umbo je? Chukua gunia lililojaa mahindi pomoni. Likiwa limejaa, limesimama. Ukitoa debe mbili, gunia ni lile lile na halijatoboka, lakini juu linalegea. Ndivyo ngozi ya titi inavyofanya mafuta yakipungua. Kwa kijana ngozi hurudi kidogo. Kwa mtu mzima, au kwa aliyekuwa mnene miaka mingi, hairudi sana. Huko ndiko kulegea, na si ugonjwa.

Hapa kuna jambo la kutusaidia. Ukipungua polepole, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, ngozi hupata nafasi zaidi ya kuuzoea mwili mpya, nawe hupungukiwi na nguvu. Lakini wale wanaokaa njaa wiki nzima kwa sababu ya harusi, kisha wanarudia kula kupita kiasi, kisha wanakaa njaa tena, wanainyoosha ngozi na kuilegeza mara kwa mara. Hiyo si njia nzuri kwa matiti, wala kwa moyo.

Basi tusikae njaa. Ugali upungue kidogo, sukuma wiki na kunde ziongezeke. Maharagwe, ndengu, omena, mayai: hivi vinajenga misuli. Sukari katika chai, soda, mandazi na chipsi, hapo ndipo pa kukata.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu unene umeingia vijijini, haupo mjini tu. Uchunguzi wa taifa wa afya na idadi ya watu hapa Kenya wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba wanawake 25 katika kila 100 walikuwa wamezidi uzito unaofaa. Katika uchunguzi wa mwaka 2014 walikuwa 33. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha hesabu imepanda zaidi. Na unene huleta presha, sukari na maumivu ya magoti. Tena kwa mama ambaye hedhi yake imekoma, unene huongeza hatari ya saratani ya matiti, maana mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya kike inayoweza kuilisha saratani hiyo.

Kwa hiyo mama anayepungua kwa njia nzuri, hata kama sidiria imelegea, anayalinda hayo matiti yenyewe. Yamekuwa madogo, lakini yako salama zaidi.

MAZOEZI HUFANYA NINI, NA HAYAFANYI NINI

Kwanza, hakuna zoezi la kukuza titi. Tumeshasema hakuna misuli ndani yake. Anayekuuzia mazoezi ya kukuza matiti anakuuzia hewa.

Pili, mazoezi ya kifua hujenga misuli iliyo chini ya titi. Misuli hiyo ikiwa na nguvu, kifua husimama na mabega hurudi nyuma. Mama anayetembea ameinama kwa sababu ya kubeba kuni na maji, kifua chake huonekana kimeanguka hata kama hakijaanguka. Akinyoosha mgongo, anaonekana mwingine. Titi lenyewe halikuguswa, lakini tofauti inaonekana.

Tatu, mazoezi kama kutembea haraka na kukimbia hupunguza mafuta ya mwili mzima, pamoja na ya matiti, kama tulivyosema.

Wengine watatuambia, "Sisi tunalima, tunateka maji, tunabeba mtungi wa lita 20. Mazoezi gani tena?" Mama, umesema kweli. Kulima ni kazi ya mwili, na mtungi huo ni kilo 20 mgongoni. Mwenye kufanya kazi hiyo kila siku hana deni kwetu. Tunaongea na yule anayekaa dukani toka asubuhi mpaka jioni, anayeshona, na anayepanda boda boda mpaka sokoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate angalau dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kila wiki. Yaani nusu saa kwa siku, siku tano. Tena siku mbili katika wiki afanye kazi ya kujenga misuli.

Haya hapa mawili ambayo hayahitaji pesa:

1. Kusukuma ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani. Weka viganja ukutani, sawa na kifua. Kunja viwiko polepole mpaka pua ikaribie ukuta, kisha jisukume urudi. Fanya mara 10, pumzika, rudia. Ukishazoea, sogeza miguu nyuma kidogo.

2. Chupa mbili. Jaza maji chupa mbili za lita moja. Kila moja ni kilo moja. Lala chali juu ya mkeka, nyoosha mikono pande zote mbili, kisha ziinue zikutane juu ya kifua. Shusha polepole. Mara 10.

Mwenye presha asibane pumzi. Mwenye kuumwa moyo, mwenye mimba na aliyejifungua kwa upasuaji waulize kwanza kliniki.

KUNYONYESHA NA KUPUNGUA

Akina mama wachanga, hapa ni penu.

Watu husema mtoto ndiye anayeangusha matiti. Mwaka 2008, madaktari wa Chuo Kikuu cha Kentucky kule Marekani walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Waliona yanayohusika na kulegea ni umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba, na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuwemo. Mimba yenyewe ndiyo inayokuza tezi na kunyoosha ngozi, unyonyeshe au usinyonyeshe. Kwa hiyo mama anayemnyima mtoto maziwa ili aokoe matiti haokoi kitu. Mtoto amekosa chakula chake cha miezi sita ya kwanza, na matiti yamebadilika vile vile.

Tena kunyonyesha kuna faida kwa mama mwenyewe. Mwaka 2002, wataalamu waliokusanya uchunguzi 47 kutoka nchi 30 walionyesha kwamba kila miezi 12 ambayo mama amenyonyesha inampunguzia hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3. Mama mwenye watoto watatu, kila mmoja akanyonya mwaka na nusu, haya, pigeni hesabu wenyewe hiyo ni miezi mingapi.

Na je, anayenyonyesha anaweza kufanya mazoezi? Maziwa hayatakauka? Mwaka 2000 ilichapishwa habari ya akina mama 40 huko Marekani waliokuwa wamezidi uzito na wananyonyesha. Nusu yao walipunguza chakula kidogo na kufanya mazoezi dakika 45, siku nne kwa wiki, toka mtoto wa wiki nne mpaka wiki 14. Walipungua karibu nusu kilo kwa wiki. Watoto wao walikua sawa na watoto wa wale wengine. Kwa hiyo ukienda polepole, ukala vizuri na kunywa maji ya kutosha, mtoto hapungukiwi. Nyonyesha kwanza ndipo utembee, maana titi likiwa limejaa huuma.

Na titi dogo si maziwa kidogo. Maziwa hutoka katika tezi, hayatoki katika mafuta. Tena titi hutengeneza kadiri mtoto anavyonyonya. Mkwe asimwangalie binti kifuani na kusema, "Huyu atamlisha mtoto na nini?"

Mkitaka mfano wa nyumbani, mko na Faith Kipyegon. Alishinda dhahabu ya mita 1,500 kule Rio mwaka 2016. Mwaka 2018 akajifungua mtoto wa kike. Akarudi uwanjani, akashinda dhahabu ile ile Tokyo mwaka 2021, na tena Paris mwaka 2024. Mama anaweza kuzaa, kulea, na kukimbia.

SIDIRIA, LESO NA WASICHANA WETU

Mwanamke akikimbia, titi halipandi na kushuka tu. Linakwenda pia kando, na mbele na nyuma. Hapo ndipo maumivu hutoka. Katika mbio za maratoni za London za mwaka 2012, wanawake waliokimbia waliulizwa, na karibu mmoja kati ya watatu alisema hupata maumivu ya matiti. Kwa hiyo binti akisema anaumia akikimbia, si mvivu. Anahitaji kitu cha kumshikilia.

Sidiria ya michezo si kitu cha zamani sana. Mwaka 1977, katika jimbo la Vermont kule Marekani, wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, walichukua vazi la ndani la wanamichezo wanaume, wakashona mawili pamoja, wakapata sidiria ya kwanza ya kukimbilia. Tunawaambia habari hii kwa sababu kuna vikundi hapa vyenye cherehani. Wale nao walianza na uzi na sindano.

Ukienda kuchagua mitumba, angalia haya:

- Mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu, ndio unaobeba. Ukiuvuta na usirudi, umekufa. Uache.
- Mabega yawe mapana. Membamba hukata nyama.
- Ruka mara mbili tatu ukiwa umeivaa. Titi likitoka juu au kando, ni ndogo. Likicheza ndani, ni kubwa.
- Ukipungua uzito, pima upya. Sidiria ya kilo 90 haiwezi kumshikilia mama wa kilo 75. Wengi wanaodhani matiti yameharibika, kumbe ni sidiria tu imekuwa kubwa.

Asiye na pesa anaweza kufunga leso kifuani juu ya sidiria ya kawaida anapokimbia. Ifungwe ishike, lakini avute pumzi bila shida. Baada ya mbio aifungue. Anayenyonyesha asifunge kwa kukaza, maana maziwa yanaweza kuziba na kuleta uvimbe wa moto.

Na tusidanganyane: sidiria hushikilia ikiwa mwilini. Ukiivua, titi hurudi lilivyokuwa. Kazi yake ni kuzuia maumivu na kukupa raha.

Kwa wasichana wanaokimbia, tunasema hili moja zaidi. Msichana akikonda kupita kiasi mpaka hedhi ikakatika miezi mitatu, hilo si jambo la kusifia. Mwili wake unakosa chakula, na mifupa yake inaweza kudhoofika. Mwalimu na mzazi wamwongezee chakula na kumpeleka kliniki.

DAWA ZA KUPAKA NA CHAI ZA KUKUZA

Sokoni, kwenye matatu, na siku hizi katika simu, kuna mafuta ya kupaka, vidonge na chai "za kusimamisha matiti". Tuulizane: mafuta ya ngozi yatapitaje mpaka kwenye tezi na kano na kuzijenga upya? Hayapiti. Mengine yamewekwa homoni bila kuandikwa, na homoni ikiingia mwilini ovyo huvuruga hedhi na kuleta hatari nyingine. Dawa yoyote inayouzwa Kenya inapaswa kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Muuzaji akishindwa kukuonyesha, weka pesa yako katika chama.

Wale wanaotumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, wengine huongezeka uzito, na matiti pia. Usiache kimya kimya ukapata mimba usiyoitaka. Nenda kwa muuguzi mwongee juu ya njia nyingine.

SASA, NI LINI TUENDE HOSPITALI?

Hapa, wapendwa, ndipo tunapoomba kila mtu asikilize. Mkisahau mengine yote, shikeni maneno haya:

Badiliko la matiti yote mawili, linalokuja polepole pamoja na kupungua kwa mwili mzima, kwa kawaida si ugonjwa. Badiliko la titi moja, au linalokuja lenyewe wakati mwili haujapungua, linahitaji kuonwa.

Kuna wanawake wengi ambao titi moja ni kubwa kidogo kuliko lingine tangu ujana. Hilo ni la kawaida. Tunaongea juu ya badiliko jipya. Nenda zahanati upesi ukiona:

1. Uvimbe mgumu katika titi au kwapani, hata kama hauumi. Mara nyingi saratani ikianza haiumi.
2. Titi moja limepungua, limeongezeka au limebadilika umbo peke yake.
3. Ngozi imebonyea, au imekuwa kama ganda la chungwa.
4. Chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani.
5. Damu au majimaji kwenye chuchu kwa asiyenyonyesha.
6. Kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona.

Uvimbe mwingi si saratani. Lakini ni nani atakayejua bila kupimwa? Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wa Kenya zaidi ya saratani zote. Duniani kote, mwaka 2022, wanawake milioni 2.3 waligunduliwa nayo, na karibu 670,000 walikufa. Ikipatikana mapema, hutibika. Shida yetu ni kwamba wengi huenda wakati imekwisha kusambaa, wamepitia kwanza kwa mganga, kwa jirani, na kwa ukimya.

Tena mama anayepungua uzito ana nafasi nzuri ya kujijua. Mafuta yakipungua, anaweza kugusa kitu ambacho hakukigusa kabla. Huenda ni tezi zake za kawaida, ambazo sasa zinasikika. Huenda ni kitu kingine. Asikae kubahatisha. Muuguzi atagusa, na akiona inafaa atamtuma kwa picha.

Na kuna kupungua kwingine. Ukipungua bila kutaka, hukubadilisha chakula wala hukuanza mazoezi, nenda upimwe. Pengine ni sukari, hasa ukiwa na kiu na kukojoa sana. Pengine ni kifua kikuu, hasa ukiwa na kikohozi cha wiki mbili. Pengine ni virusi vya ukimwi. Yote matatu yana matibabu katika hospitali za serikali. Lakini kazi ya kupima ni ya maabara. Jirani hana darubini machoni.

MASWALI TULIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: "Nikiongeza uzito tena, matiti yatarudi?"
Tulimjibu: Mafuta yanaweza kurudi, ndiyo, lakini yatarudi pia tumboni na kwenye mishipa. Na ngozi iliyolegea hairudi kama ya msichana. Usirudishe presha kwa ajili ya sidiria.

Nyanya mmoja aliuliza: "Sisi wazee bado tunahusika na haya?"
Tulimjibu: Nyanya, mnahusika kuliko sote. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka na umri. Tembeeni kadiri magoti yanavyoruhusu, na titi likibadilika msiseme ni uzee tu.

Baba mmoja aliuliza: "Na sisi tufanye nini?"
Tulimjibu: Baba, ulimi wako unaweza kumrudisha mama nyuma au kumpeleka mbele. Akipungua kwa sababu ya afya, usimwambie, "Umekuwa kama mti." Mwambie, "Endelea." Na akisema ameona uvimbe, toa nauli siku hiyo hiyo. Tena wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa ni wachache. Ukiona uvimbe nyuma ya chuchu, usione haya.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, tunaomba kila kikundi kifanye mambo haya:

1. Mchague siku tatu za kutembea pamoja nusu saa. Ukitembea na wenzako, nani atasema wewe peke yako umekonda?
2. Mkubaliane kwamba hakuna mwanachama atakayemwuliza mwenzake mbele ya watu, "Mbona umekwisha?" Mwenye wasiwasi amwite kando, amwulize kwa upole kama anahitaji kusindikizwa hospitali.
3. Mmwalike muuguzi wa zahanati iliyo karibu, awaonyeshe namna ya kuyajua matiti yenu na awapime wanaotaka.
4. Mtenge pesa kidogo katika chama, iwe nauli ya mwanachama aliyeona badiliko la titi moja. Pesa hiyo isiulizwe maswali mengi.
5. Vikundi vya ushonaji vijaribu kushona sidiria ya kukimbilia kwa wasichana wa shule, na mtuletee habari ya jinsi mlivyofanya.

Akina mama, mwili ni kama shamba. Kuna msimu wa kujaa na msimu wa kupungua, na mkulima haoni haya kwa sababu mahindi yamevunwa. Haya anayoona ni ya kuliacha shamba likaingia magugu bila kuangalia. Tujiangalie basi, na tuangaliane.